Nikamteka Kuzidi Wote

"Nishakwambia hakuna. Nilifuta."

"Ulifuta lini?"

"Siku ile ile nilimaliza kuchapa. Simu inajaa, bana. Yako haijai?"

"Yangu haijai maneno ya mtu aliyeuawa."

"Sasa hiyo unaniletea mimi? Mimi ndio nilimuua? Mwenye kuua mko naye ndani, anakula ugali yenu."

"Usinipandishie sauti."

"Si wewe umeanza? Umekuja umenisimamia hapa na hiyo matope kwa viatu, mbele ya wateja, unaniita mwongo. Mimi mtu ya kanisa."

"Basi mtu wa kanisa afungue simu."

Purity akaibana simu kwapani kama mama anayekinga mtoto asidungwe sindano. Saibaa yake ilikuwa chumba kimoja tu hapo Changamwe: kompyuta nne, mashine ya fotokopi, na feni inayozunguka kwa kulalamika. Wateja wawili waliokuwa wanajaza fomu za serikali waliacha kujaza, wakakaa kuangalia sinema ya bure.

Mbele yake amesimama Sajenti Lenox Odhiambo wa upelelezi, buti zimemganda tope jeupe mpaka kwenye kifundo. Siku mbili nzima alikuwa Timbwani, ng'ambo ya feri, akisimamia watu kukausha kisima. Kile kisima kilimtemea aibu tupu.

Mambo yalianza kwa kitabu. Mzee Obeid Sharif, yule wa filamu, yule ambaye Kenya nzima ilimjua kwa miwani myeusi na kanzu iliyopigwa pasi, alikaa akaamua kusema maisha yake yote kabla hajafa, na asifiche hata moja. Macho yalikuwa yamemfunga ukungu, hasomi, haandiki. Basi kila asubuhi anakaa kwenye baraza ya nyumba yao Jomvu Kuu, anazungumza kwenye simu, anamtumia Purity sauti, Purity anachapa. Kila Ijumaa sura moja inarushwa WhatsApp, na watu wanaigombania. Alisema nywele zake za filamuni zilikuwa za kubandika. Alisema zile ngumi zote zilipigwa na jamaa mmoja wa Kisauni aliyefanana naye mgongo, yeye mwenyewe hajawahi kumpiga mtu kofi. Alisema siku ya kumzika babake alikuwa amelewa, ikabidi ashikwe kwapa asitumbukie kaburini pamoja na marehemu. Watu wakasema, huyu mzee haogopi kitu.

Ijumaa ya kumi ikaja sura ya Samah.

Lenox aliibeba ile karatasi mfukoni, imekunjwa mpaka mikunjo inapasuka. Palipokuwa na maana ni mistari minne tu:

*Walileta ndoo. Tuliteka maji sote, nami nikamteka Samah. Alilia. Tangu siku ile hakuonekana tena, na kosa ni langu.*

Samah alikuwa msichana wa Timbwani, miaka kumi na tisa, alipotea mwaka wa tisini na mbili wakati filamu inapigwa mtaani kwao. Mdogo wake, Imad, sasa ni mtu mzima, fundi wa friji. Aliisoma hiyo sura Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi alikuwa Jomvu Kuu. Haikufika adhuhuri, mzee Obeid amelala chini, kichwa kimegonga ukingo wa baraza, na Imad amekaa kando yake, hakukimbia. Majirani walimkuta hivyo.

Alipofika kituoni alisema yote bila kuulizwa mara mbili. Alimuuliza mzee maswali mawili. La kwanza: yale ya Samah ni kweli? Mzee akasema, wallahi, kila neno ni kweli. La pili: ulimpeleka wapi? Mzee akasema, mie nitayua vipi alikokwenda. Hapo ndipo alipomsukuma. "Akaanguka. Sikumwinua," Imad akasema, akaweka sahihi.

Kisha akaomba jambo moja. "Mimi nifungeni mnavyotaka. Dada yangu mumtoe alikowekwa. Mama anataka kumzika." Lenox alimwahidi. Alimwahidi kwa mdomo, mbele ya askari wa kaunta, na kesho Imad anapelekwa mahakamani.

Neno "maji" ndilo lililompeleka Lenox kisimani. Nyuma ya ile nyumba iliyopigiwa filamu kulikuwa na kisima cha zamani, kimefunikwa kwa mabati na mawe. Wakaleta pampu. Wakatoa kitako cha ndoo, kandambili moja ya mtoto, na mifupa ambayo daktari aliigeuza mara mbili akasema mbuzi. Mamake Samah alikaa hapo kwenye kiti cha plastiki siku zote mbili, na mfuko mapajani. Ndani ya mfuko mna sanda. Alipoambiwa ni mbuzi, aliuliza tu, "Mna hakika?"

Sasa Lenox alitaka sauti yenyewe. Huenda mzee alisema zaidi ya kilichochapwa. Simu ya mzee ilikanyagwa siku ile ile, haiwaki.

"Purity," akasema, akashusha sauti, akavuta kiti akakaa. "Mimi sikushiki wewe. Kuna mama Timbwani amekaa na sanda mkononi. Miaka thelathini na zaidi. Kama iko, nipe."

Purity akamwangalia. Akaangalia wateja. "Nyinyi jazeni fomu zenu," akawaambia. Halafu akatoa simu kwapani, akaifuta jasho kwa leso, akaanza kupekua.

"Zingine nilifuta kweli," akasema. "Hii sikufuta. Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa nini?"

"Si vile mtu alikufa? Nikasema wakikuja watasema ni mimi niliandika vibaya."

"Na uliandika vibaya?"

"Sikuandika vibaya. Sikiza."

Akaweka simu juu ya meza. Sauti ya mzee Obeid ikatoka, nzito, taratibu, sauti ile ile ya filamuni, na nyuma yake kuku wanawika na kwato za mbuzi zinapita sijui zinakwenda wapi. Lenox akatandaza karatasi yake kando ya simu, akashika kalamu.

*"Samah akasema, ndoo. Wale wa Nairobi wakamletea ndoo. Twaliteka sote, nami nikamteka kuzidi wote. Alilia. Tangu siku ile hakuonekana tena, na kosa ni langu."*

"Rudia."

Akarudia. Akarudia tena. Mara ya nne Lenox akamwashiria azime.

Mzee hakuendelea. Baada ya "kosa ni langu" alikohoa, akaanza habari za mke wake wa pili. Hakuna mahali, hakuna nyumba, hakuna gari, hakuna shimo. Lakini karatasi na sauti havikulingana.

"Hapa mwanzo anasema, Samah akasema ndoo. Kwako haimo."

"Si nilitoa? Ndoo inakuja mara mbili. Mtu akisoma ataona nimelala kwa kibodi."

"Haya. Na hii 'maji'? Mzee hakusema maji."

"Sasa watu wanateka nini? Si maji? Na ndoo iko hapo. Aki, huyo mzee Kiswahili yake ilikuwa imevunjika. Macho anasema *mato*, njia anasema *ndia*, nchi anasema *nti*. Mimi nilikuwa nanyoosha. Mwenyewe aliniambia anataka watu wasome mpaka Kakamega."

"Mzee wa Jomvu Kuu ndiye Kiswahili chake kimevunjika," Lenox akasema. "Wewe wa Kakamega ndio chako kizima."

"Mimi nilipata B ya Kiswahili."

Mmoja wa wale wateja akaguna. Purity akamkata jicho.

"Kwa ajili ya hiyo B yako nimekausha kisima siku mbili," Lenox akasema.

Purity akaigeuza simu kifudifudi. "Mimi sikujua mtaenda kuchimba," akasema, sauti ndogo.

"Na hapa. *Kuzidi wote.* Mbona umeikata?"

"Kwa sababu haina maana. Utamteka mtu kuzidi wote aje? Ama unateka, ama huteki."

Lenox akaandika maneno hayo jinsi alivyoyasema. Hapo huyu msichana alikuwa sawa. Watu kumi wanaweza kumteka mtu mmoja, lakini mmoja wao hawezi kumteka *kuzidi* wengine. Kumpiga kuzidi wengine, sawa. Kumtukana, sawa. Kuteka hakuna kubwa wala ndogo.

Akamwambia amtumie ile sauti, na asiifute hata simu ikijaa mpaka ipasuke.

Nje, simu yake ikalia kabla hajavuka mtaro. Inspekta Morgan.

"Uko wapi?"

"Changamwe, afande. Nimepata sauti ya marehemu."

"Inasema msichana yuko wapi?"

"Hapana. Lakini kuna neno halikai sawa."

"Lenox, sikiza. Nina maiti, nina aliyeua, nina sahihi yake. Hilo faili nalitaka mezani jioni hii. Wewe unatafuta maiti ya pili na hata ya kwanza hujaimaliza."

"Nilimwahidi, afande."

"Nani alikutuma uahidi?"

Simu ikakatwa. Lenox akasimamisha bodaboda, akamwambia Jomvu Kuu.

Nyumba ya kina Obeid iko karibu na msikiti, kwenye kinjia ambacho pikipiki haipiti, ukifika unashuka unatembea. Matanga yalikuwa yashaisha. Mikeka imekunjwa, masufuria ya kukodi yamepangwa ukutani yanangoja mwenyewe. Dada wa marehemu, Bi Mahfoudha, alikuwa peke yake barazani, anachambua mchele kwenye ungo. Ukingo wa ile baraza ulikuwa umeoshwa mpaka chokaa ikatoka.

"Hodi. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Viatu wata hapo hapo, na matope hayo."

Lenox akavua buti, akakaa na soksi. Alizaliwa Changamwe hii hii, babake kuli wa bandari aliyekuja toka Ugenya, na Kiswahili chake hakikuwahi kumwangusha popote kuanzia Lunga Lunga hadi Malindi. Akamweleza mama kilichomleta, kwa adabu, bila haraka. Kisha akaiweka simu kati yao, akaicheza.

Bi Mahfoudha aliacha kuchambua mchele. Aliposikia sauti ya kaka yake alifunga macho, na ilipokwisha akayafungua.

"Ndiye," akasema. "Mungu amrehemu."

"Pole mama. Umesikia alichokiri?"

"Nimesikia."

"Amekiri alimteka yule msichana."

"Mbona hilo sote twaliyua."

Lenox akatoa daftari. "Sote akina nani?"

"Sote tuliokuwapo kwenye filamu. Mie nalikuwa nikiwapikia. Walimteka wote, si yeye peke yake. Hata mie nalimteka."

Kalamu ikasimama. "Na wewe, mama?"

"Nalikuwa kijana. Na yule mtoto siku ile, usiniulize."

"Mlimweka wapi?"

"Tumuweke wapi? Aliondoka mwenyewe na miguu yake."

"Mkamteka, halafu mkamwacha aende?"

"Sasa wewe ulitaka tumteke mpaka lini?"

Lenox akamtazama kama mtu anayetazama hesabu imekataa. Miaka kumi na minne ya kuhoji watu, hajakutana na mwanamke wa sitini na zaidi anayekiri kosa la kifungo kirefu huku anatoa mawe kwenye mchele.

"Mama, nisikilize vizuri. Kumteka mtu ni kosa kubwa."

"Ni makosa, ndiyo. Si adabu. Lakini si kosa la mtu kuuliwa. Wewe hujapata kumteka mtu?"

"Mimi? Mimi ni polisi."

"Na polisi hawateki?"

Siku hizi swali hilo halina jibu zuri. "Mimi binafsi," akasema, "sijamteka mtu."

"Wata uwongo, mwanangu. Siku ile mlipokuya kumchukua ndugu yangu, yule mzee jirani alikwenda kuruka ile kamba yenu, suruali ikampasuka nyuma. Mlimteka nyote. Maiti iko pale, nanyi mwamteka. Mie naliwaona kwa mato yangu. Nawe ulikuwamo."

"Yule mzee?" Lenox akasema. "Ah, mama. Yule hatukumteka. Yule tulimcheka tu."

"Basi na mie nasema nini?"

Kuku akapita katikati yao, akadonoa mchele ulioanguka, akaenda zake.

Lenox akaichukua simu. Akaicheza tena, sikio ameligandisha. Twaliteka sote. Nikamteka kuzidi wote. Akaicheza tena.

"Sema kuteka maji," akasema.

"Kuteka mayi."

"Sasa sema lile jingine."

"Kuteka."

"Ni lile lile."

"Si lile lile. Nitazama mdomo." Akainua uso, akafungua kinywa kama anamwonyesha daktari. "Kuteka mayi, ulimi wapanda yuu, wagonga ufizi. Kuteka kwa furaha, ulimi wenda mbele, wagusa meno. Umeona? Kumteka mtu kwa nguvu, kumuiba, ulimi uko yuu na mayi. Kumteka ukamkasirisha, ulimi uko mbele. Obeid hapo ulimi wake uko wapi?"

"Sisikii tofauti, mama."

"Mie nasikia. Mtu yeyote wa hapa atasikia."

"Kwa nini mlimcheka?"

Bi Mahfoudha akarudi kwenye mchele wake. Alizungumza akiutazama huo.

"Alipewa neno moja tu la kusema kwenye filamu. Asimame mlangoni, amwambie Obeid, njoo uone. Naye mtoto wa watu asema kama tusemavyo. Ndoo uone. Wale wa Nairobi waliokuya na kamera wakamwendea mbio wakamletea ndoo ya mayi, ya plastiki. Ndoo hii hapa, ndoo hii hapa. Wakateka mpaka wakakaa tini. Obeid akateka nao. Na kwetu sisi na Obeid husemwa vivyo hivyo, mama yetu hakupata kusema njoo maisha yake yote. Lakini alitaka aonekane yuko na wao. Akaipiga ile ndoo teke. Mtoto akalia, akatoka. Ikawa ndiyo mwisho."

"Na mlipojua amepotea, hamkumwambia mamake?"

"Kumwambia nini? Alikuwa ametoroka kwao kuya pale, mamake ayua yuko kwa kushona. Twende tuseme, mwanao tulimteka? Obeid lilimkaa moyoni. Mwaka huu ndio akasema, nitalitia kitabuni, kila mtu ayue nilivyokuwa. Akaona ndilo baya kuliko yote aliyofanya." Akaweka ungo chini. "Imad akamuuliza ni kweli, naye akasema kweli. Angesema nini?"

Lenox akafunga daftari. Akavaa buti zake taratibu, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto, akazifunga kamba kwa mafundo mawili. Hakukuwa na kisima, hakukuwa na nyumba, hakukuwa na gari. Aliyebaki ni msichana anatoka mlangoni analia, mwaka wa tisini na mbili, na barabara yote ya Likoni iko wazi mbele yake.

Saa kumi alikuwa kituoni. Kwanza alipitia chumba cha mafaili. Daftari la matukio la mwaka ule alikuwa ashalitafuta kabla ya kwenda kisimani, akaonyeshwa sanduku, na ndani ya sanduku unga wa mchwa. Akapiga simu Nairobi, kwa mtu aliyehifadhi mikanda ya filamu za zamani. Yule mtu akamwambia filamu ipo, lakini sehemu ya mlangoni haimo. Ilikatwa. Alipewa msichana mwingine lile neno, akalisema sawasawa.

Kwenye benchi karibu na kaunta alikaa mamake Imad, bakuli limefungwa kwenye kitambaa. Akainuka alipomwona Lenox. Lenox akamwambia, "Subiri kidogo, mama," akapita.

Imad aliletwa kwenye kile chumba cha kuhojia, meza moja, viti viwili, dirisha la nondo. Mtu mfupi, mikono ya fundi, kovu la gesi kwenye kidole gumba. Hakukaa.

"Mmempata?"

"Hapana."

"Kisimani hamkumpata, najua. Kwingine?"

"Kaa, Imad."

"Nitasimama."

Lenox akaweka simu mezani, akaicheza. Hakusema neno kabla.

Sauti ya mzee ikajaa kile chumba. Ilipofika *ndoo*, kichwa cha Imad kikainuka. Ilipokwisha, akasema, "Rudisha."

Lenox akarudisha.

Mara ya tatu Imad hakungoja neno lifike. Midomo yake ilitangulia, ulimi ukagusa meno, akalitamka pamoja na marehemu.

"Alimteka," akasema. Alisikika kama mtu anayesoma jina la duka.

"Alimcheka. Dadako alisema ndoo uone, watu wa Nairobi wakaleta ndoo. Wote wakacheka. Akatoka analia, kwa miguu yake. Bi Mahfoudha alikuwapo."

"Na ile karatasi?"

"Mchapaji ni wa bara. Alinyoosha."

"Alinyoosha." Imad akashika mgongo wa kiti. "Sisi nyumbani twasema hivyo hivyo. Mama asema hivyo mpaka leo. Mimi nimesema hivyo mpaka shuleni nikachapwa nikaacha. Ile karatasi nimeisoma mara ishirini."

"Ilikuwa yote Kiswahili cha shule. Ungejuaje?"

"Ningemuuliza," Imad akasema. Kisha akasema, "Nilimuuliza."

Nje gari la doria lilikuwa linawashwa, linazima, linawashwa. Lenox aliketi na mikono juu ya meza.

"Samah yuko wapi?" Imad akauliza.

"Sijui."

"Nani anayejua?"

"Sijapata mtu. Daftari la mwaka ule limeliwa na mchwa. Kwenye filamu kipande chake kilikatwa. Waliokuwapo waliobaki ni mmoja, naye alimwona mgongo tu, anatoka. Nitaacha faili lake wazi."

"Faili gani? Umesema limeliwa."

"Nitafungua jingine."

"Utaandika nini ndani?"

Lenox akaivuta simu upande wake.

"Mama yuko nje?"

"Yuko benchini. Amekuletea chakula."

"Anajua?"

"Bado."

Imad akasogea mezani, akainamisha uso karibu na wa Lenox, akasema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mwambie Obeid alimteka. Basi. Usiongeze. Ulimi wako wewe ni wa bara, ukilisema litatoka lile la kuiba mtu, lile jingine huliwezi. Hutakuwa umesema uongo."

"Imad."

"Atakufa akijua mwanawe alimuua mtu kwa sababu. Hiyo tu. Sikuombi nyingine."

"Hii sauti ni ushahidi. Lazima niitie kwenye faili, na lazima ichezwe mahakamani. Mamako atakuwa amekaa hapo mbele."

"Itachezwa yote?"

"Yote."

"Ataelewa mara moja."

"Ndiyo."

"Hatahitaji kuelezwa na mtu."

"Hapana."

Imad akaitazama simu iliyolala mezani, kioo kimezima. Akaitazama muda, halafu akanyoosha mgongo.

"Anakungoja," akasema. "Usimweke sana. Magoti yanamuuma akikaa."

"Nikitoka hapo nimwambie nini?" Lenox akauliza.

Imad akageuka, akausukuma mlango kwa bega, akashika ukumbi wa kwenda selo, na askari aliyepaswa kumrudisha ikabidi aondoke mbio kumfuata nyuma.